Roketi Zilizopita Juu

Kitabu cha Tony Avirgan na Martha Honey, War in Uganda, kilitoka mwaka 1982. Nimekisoma mara tatu hapa Kasulu, na mara ya tatu ndipo nilipogombana nacho. Sijapata kuona kingine kinachoeleza vita vya Kagera kwa undani namna ile. Tena kina ujasiri: hakifichi kwamba Masaka, tulioiteka Februari 24, 1979, ilibomolewa na mizinga yetu wenyewe, na kwamba kisasi kilikuwamo. Waandishi wengi wa kwetu wangeuruka ukurasa huo.

Ugomvi wangu uko Lukaya. Ndugu msomaji, huenda umesahau. Machi 10, 1979, Brigedi ya 201 ilikuwa imeshika mji huo, na wengi wake walikuwa mgambo, watu waliotolewa mashambani miezi michache tu kabla. Walibya waliokuja kumwokoa Amin wakafyatua Katyusha. Roketi zikapita juu ya vichwa vya vijana wetu zikaenda kuanguka mbali. Hata hivyo wengi walivunja safu wakakimbia.

Mzinga wa aina hiyo ulio mashuhuri zaidi, BM-21, una mirija 40 nao hutema roketi zote kwa sekunde 20 hivi. Haumlengi mtu, hulenga eneo. (Sisi nasi tulikuwa na yetu, Waganda waliipa jina la Saba Saba, ambayo kwetu ni sikukuu!) Nusu ya kazi yake hufanyika masikioni.

Usiku ule makamanda wetu waliigeuza Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa, iliyokuwa mbali kaskazini-magharibi. Alfajiri ya Machi 11 ikapiga kutoka ubavuni, huku ile ya 201, iliyokwisha kujipanga upya, ikipiga kutoka mbele. Walibya wapatao 200 walikufa. Yote haya kitabu kinayasimulia vizuri, kwa jicho la mtu mwenye ramani. Lakini waliokimbia jioni ndio hao hao waliorudi alfajiri. Ni nani aliyewakusanya gizani, na kwa maneno gani? Hapo kitabu hakinishibishi.

Jirani yangu mmoja alikuwamo. Miaka mingi tulimcheka, maana radi ikipiga hulala kifudifudi, hata sokoni. Nami nilicheka. Kisha, tangu mwaka 1993, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kasulu na Kibondo, nikawaona watoto wao wakilala chini vivyo hivyo mvua za Novemba zilipoanza. Hao hakuna aliyewacheka. Nikaona haya, nikaenda kwa mzee, nikampa shikamoo, nikamwuliza habari za Lukaya.

Alisema hakurudi kwa amri. Koplo mmoja alipita kwenye migomba usiku kucha akiwaita kwa majina, mmoja mmoja, bila kufoka. Ukiitwa jina lako, alisema, unaona aibu kunyamaza.

Nadhani huo ndio uongozi wa vita ninaoutafuta vitabuni, na haumo kwenye ramani.

Mzee akaniuliza kama koplo yule ametajwa. Nikapekua mbele yake, nikamwambia hayumo. Akasema basi kitabu hicho nimwazime mtu mwingine.