Moto, Ngozi na Duara: Ufundi wa Sindimba ya Uani

Katika sindimba, ngoma ya Wamakonde iliyofungamana na jando na unyago, yaani mafunzo wanayopewa vijana wa kiume na wa kike wanapoingia utu uzima, duara la watazamaji ni sehemu ya chombo cha muziki kama zilivyo ngozi na mzinga. Anayetaka kueleza jinsi sogora, yaani mpigaji hodari, wa upande wa Naliendele mkoani Mtwara, ambaye huenda jina lake halijavuka vijiji viwili vitatu, anavyowashika watu hamsini usiku kucha bila kipaza sauti, hana budi kuanza na moto.

Kinganga, ngoma ndogo yenye sauti kali, huchongwa kwa kipande kimoja cha mti na kuachiwa mguu wenye ncha unaochomekwa ardhini, ili mikono yote miwili ibaki huru kushika mikwiro, ambayo ni fimbo za kupigia, nyembamba, ndefu na zenye kunepa. Ngozi yake huwambwa kwa vijiti vya mti vilivyopigiliwa ubavuni, na kwa kuwa vijiti hivyo havikazwi kama skrubu, njia ya kupandisha sauti papo hapo ni joto. Ngozi hunywa maji ya hewani: jua likizama na umande wa pwani ukianza kushuka, nyuzinyuzi zake hulegea na sauti huteremka; ngozi ikipashwa moto, unyevu hutoka, nayo hunywea, na idadi ya mitetemo yake kwa sekunde huongezeka. Mpigaji huigeuza ngoma mbele ya mwali wa majani makavu, huigonga kwa ncha za vidole, huitegea sikio, kisha huirudisha motoni. Anachokitafuta ni mlio mkavu unaokatika upesi, ili pigo moja lisimezwe na linalofuata, na kazi hiyo hurudiwa kila ngozi inapolegea, jambo linaloufanya moto kuwa fundi wa sauti wa onyesho zima.

Uani hakuna ukuta wa kurudisha mwangwi. Katika uwanda wa namna hiyo, kila umbali unapozidishwa mara mbili, nguvu ya sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, desibeli zikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa hiyo aliyesimama mita 16 kutoka kwenye ngoma husikia desibeli 18 chini ya aliye mita 2. Jambo zito zaidi ni wakati. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, na mtu aliye mita 34 hupata pigo likiwa limechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda ambao katika mdundo wa kasi unakaribia nafasi iliyo kati ya pigo na pigo. Akipiga makofi kwa kufuata anachokisikia, makofi yake huwarudia wapigaji yakiwa yamechelewa maradufu. Duara likibanwa hadi mita chache, makofi na kiitikio hutua pamoja na ngoma, na hadhira inaingia katika kundi la wapigaji.

Ndani ya ukaribu huo vinganga hushikilia mdundo usiobadilika, ambao sikio linaweza kuugawa kwa mawili au kwa matatu, na juu yake sogora hubadilisha mapigo huku akitazama nyonga na miguu ya mchezaji, mpaka ni vigumu kusema nani anamwongoza mwenzake. Huo ndio ustadi unaostahili kurekodiwa pamoja na jina la mwenyewe.

Baada ya uhuru sindimba ilipandishwa jukwaani na kikundi cha ngoma cha taifa, ikafundishwa pia katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, na mkoani Mtwara tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake linaunganisha Makonde, Makua na Yao, limewapa wasanii wa vijijini hadhira kubwa wanayoistahili. Lakini duara likifunguliwa ili wote waone, mchezaji huelekea mbele badala ya kumwelekea sogora, na kipaza sauti kimoja kikiwekwa karibu na ngoma kubwa, vinganga huzama. Na mtazamaji wa safu ya nyuma humwona mchezaji akitua kabla hajalisikia pigo lililomtua.