Nani Mwenye Muda? Kazi na Mapumziko katika Filamu za Lumière, Chaplin na Sembène

Utangulizi
Methali ya Kiswahili isemayo "Baada ya dhiki faraja" huupanga muda wa binadamu katika mfuatano: kwanza taabu, kisha kitulizo. Uhakiki wa filamu umezoea kuuchukua mfuatano huo kuwa wa kawaida, na kila tendo lisilo kazi huitwa burudani. Makala haya yanauhoji mtazamo huo kwa kurejelea filamu tatu: ile ya Louis Lumière ya wafanyakazi wakitoka kiwandani (1895), Modern Times ya Charles Chaplin (1936) na Borom Sarret ya Ousmane Sembène (1963). Hoja ya msingi ni kwamba filamu hizi hazitofautishi kazi na mapumziko kwa kigezo cha tendo, bali kwa kigezo cha umiliki wa muda.

Lango la kiwanda
Filamu ya Lumière, isiyofikia dakika moja, inaonesha wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakitoka katika kiwanda cha vifaa vya kupigia picha jijini Lyon, Ufaransa. Kwa mtazamo wa juujuu, lango ni mpaka: ndani kazi, nje uhuru. Hata hivyo, mwenye kamera ndiye mwenye kiwanda. Aidha, yapo matoleo matatu ya filamu hiyo, jambo linalodhihirisha kuwa tendo la kutoka lilirekodiwa zaidi ya mara moja. Hivyo, kuondoka kazini kwenyewe kulifanywa mbele ya jicho la mwajiri. Miaka mia moja baadaye, Harun Farocki alilirejelea lango hilo katika filamu yake ya mwaka 1995 na kubainisha kwamba masimulizi mengi ya sinema huanza pale kazi inapokwisha. Kwa maana hiyo, kazi yenyewe huachwa nyuma ya ukuta.

Mwili usiopumzika
Chaplin anaingia ndani ya ukuta huo. Mhusika wake hukaza nati katika bidhaa zinazopita mbele yake juu ya mkanda, na anapoacha kazi mikono yake huendelea kukaza nati zisizokuwepo. Mapumziko yamewadia, lakini mwili haujaarifiwa. Anapojificha msalani kuvuta sigara, sura ya mkurugenzi inatokea ukutani na kumwamuru arudi kazini. Mkurugenzi huyohuyo ameoneshwa ofisini akipanga fumbo la vipande vya picha na kusoma vibonzo wakati wa kazi. Mashine ya kulisha inayojaribiwa kwa mhusika imekusudiwa kuondoa saa ya chakula, na inakataliwa kwa sababu haifanyi kazi ipasavyo, si kwa sababu inamdhalilisha mtu. Hata starehe ya usiku ndani ya duka kubwa, pamoja na viatu vya magurudumu na kitanda laini anacholalia mwenzake, ni ya kuazima: yeye ni mlinzi wa mali hiyo, na kunapokucha anakamatwa.

Mkokoteni usio na lango
Katika Borom Sarret hakuna kengele, lango wala msimamizi. Mwendesha mkokoteni wa Dakar anajiajiri, hivyo ingetarajiwa awe mmiliki wa muda wake. Kinyume chake, abiria kadhaa hawamlipi, na askari anamnyang'anya mkokoteni kwa kuingia katika mtaa wa Plateau. Katikati ya siku hiyo, yeli anamwimbia sifa za mababu zake, naye anampa fedha alizochuma. Ni rahisi kulisoma tendo hilo kama ubadhirifu wa maskini asiyejua kuweka akiba. Usomaji wa namna hiyo, hata hivyo, unamtazama kwa jicho la askari: mtu wa kubeba mizigo tu. Muktadha wa filamu unaonesha kwamba huo ndio muda pekee anaotambuliwa kwa nasaba badala ya kwa mzigo. Ni mapumziko halisi, na ndiyo maana gharama yake ni kubwa.

Mwisho wa filamu unaimarisha hoja hii. Mhusika anarudi nyumbani na farasi wake, bila mkokoteni. Mkewe anamkabidhi mtoto, anamhakikishia kuwa usiku huo watakula, kisha anaondoka. Mume sasa ameketi, lakini hakuna anayeweza kusema kuwa anastarehe. Kazi haijakwisha, imehamia kwa mke, nje ya upeo wa kamera.

Hitimisho
Kiswahili kina msamiati wa kutosha kubainisha hali hizi. Mapumziko, yenye uhusiano na pumzi, ni kurejesha nguvu zitakazotumika tena. Starehe ni raha yenyewe. Faragha ni muda usioingiliwa. Na kukosa kazi si lolote kati ya hayo. Mfanyakazi wa Chaplin ananyimwa faragha, mwendesha mkokoteni ananunua utu wake kwa chakula cha jioni, na mkewe hapewi hata nafasi ya kuonekana akifanya kazi. Uhakiki unaoziita hali zote hizo burudani unapoteza tofauti ambazo lugha yenyewe imezihifadhi. Kabla ya kuuliza wahusika wanafanya nini baada ya kazi, mhakiki hana budi kuuliza muda huo ni wa nani.