Matuta ya Uluguru na Hoja ya Soko Huria

Hoja ya soko huria juu ya kazi ya serikali huandikwa mara nyingi kwa mifano ya viwanda na mabenki ya nchi za mbali, hata msomaji wa Afrika ya Mashariki akaidhania kuwa haimhusu. Lakini kipimo cha hoja ni pale inapogusa maisha ya watu, na miteremko ya Milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, ni mahali pema pa kuipimia hii.

Kwa ufupi, Friedrich Hayek, katika makala yake ya mwaka 1945 juu ya matumizi ya maarifa katika jamii, alishika kwamba maarifa ya kuendeshea uchumi hayakai katika kichwa kimoja wala katika ofisi moja. Yametawanyika kwa watu wengi, kila mmoja akijua udongo wake, kazi yake na haja yake. Na bei huyakusanya bila ya amri. Wahenga walisema jambo lililo karibu na hilo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 1950 hivi iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, kwa kuogopa kwamba mmomonyoko ungeharibu milima na mito itokayo humo. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, wakakatazwa kuchoma mashamba, na waliokaidi wakatozwa faini. Hofu yenyewe haikuwa ya bure, maana Mto Ruvu hutoka katika milima hiyo. Lakini udongo wenye rutuba huko ni mwembamba. Kuchimba ngazi pana katika mteremko mkali kulifukia udongo wa juu na kuinua ule wa chini usiozaa. Mluguru alitoa siku zake za kazi akavuna haba. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilizuka. Huko Matombo polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na ulazima wa matuta ukaachwa.

Roland Young na Henry Fosbrooke, katika kitabu chao Smoke in the Hills cha mwaka 1960, waliyasoma mambo hayo zaidi kama siasa, yaani mvutano baina ya watu na watawala wao. Paul Temple, mwaka 1972, aliyapima kwa udongo na maji. Msomaji wa Hayek huongeza jambo la tatu, nalo ni gharama. Amri ilihesabu udongo utakaookolewa. Haikuhesabu siku za jembe. Ushahidi upo Mgeta, upande wa magharibi, ambako mboga hulimwa kwa matuta ili ziuzwe mijini. Palipo na faida, ngazi hutunzwa bila ya askari.

Mpaka hapo hoja ina nguvu. Udhaifu wake huanza inapodai kwamba kuondoa amri kwatosha. Kwanza, shamba la Uluguru halikuwa bidhaa. Ardhi ilishikwa na ukoo wa upande wa mama, na mkuu wa ukoo ndiye aliyegawa. Aliyekataa tuta hakutetea uhuru wa kuuza shamba. Alitetea haki ya kuulizwa juu yake. Anayemfanya mkulima wa Matombo kuwa mpiganaji wa soko huria humvika kanzu isiyo yake.

Pili, kuna maji. Udongo unaoteremka huchafua Ruvu, na Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Anayeuachia udongo uteremke halipi hasara, na anayeuzuia halipwi. Bei, ambayo kwa Hayek ni mjumbe, hapa haina habari ya kupeleka, kwa kuwa hapakuwa na muuzaji wala mnunuzi.

Soko hilo lilipata kuundwa kwa makusudi. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huko Kibungo Juu mpango wa kuwalipa wakulima kwa kulinda vyanzo vya maji. DAWASCO na Coca-Cola Kwanza, watumiaji wa maji mjini, wakaingia katika makubaliano ya kuchangia. Miongoni mwa kazi zilizolipiwa yalikuwamo matuta ya ngazi, yale yale yaliyotakwa kwa faini miaka 50 nyuma. Wafuasi wa soko waweza kujivunia jambo hilo, ila wasisahau kwamba mnunuzi mmoja alikuwa shirika la umma, na kwamba wafadhili ndio walioufungua mlango. Soko hilo halikuota lenyewe kama uyoga.

Suala hili halijafa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huweka mpaka wa mita 60 kutoka kingo za mito, ambamo shughuli za kudumu au ziwezazo kuyadhuru mazingira hazina ruhusa. Katika mabonde membamba ya Uluguru mita 60 zaweza kuwa shamba zima la mtu. Mwenye kuipinga sheria hiyo kwa jina la soko hana budi aeleze nani atamlipia mnywaji wa Dar es Salaam maji yake yakiharibika. Na mwenye kuitetea kwa jina la serikali aeleze nani atamlipa mkulima shamba lake. Mwaka 1955 swali hili la pili halikuulizwa kwa wakati, na jibu lilipatikana Matombo kwa damu.