Wingi wa Nomino katika Mitaa ya Eastlands: Kosa Liko Wapi?

Lawama inayotolewa mara kwa mara juu ya lugha ya vijana wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama vile Kaloleni, Bahati, Jericho na Dandora, ni kwamba haina sarufi. Ushahidi unaoletwa kwa kawaida ni kwamba mwanafunzi aliyekulia huko huandika “viatu zangu” na “magari zile”. Basi husemwa kuwa hajui wingi. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 na Kiswahili kufanywa somo la lazima la kutahiniwa, lawama hiyo imetoka katika mijadala ya wataalamu ikaingia katika daftari la mtoto, ambamo alama hukatwa. Inafaa ipimwe.

Neno “wingi” linakusanya mambo mawili ambayo mchambuzi hana budi kuyatenga: umbo la nomino yenyewe, na upatanisho wa maneno yanayoifuata. Katika mifano yote miwili hapo juu nomino ni sahihi. Kiatu kimekuwa viatu, gari limekuwa magari. Hata maneno ya Sheng yasiyokuwamo katika kamusi hupewa wingi kwa utaratibu ule ule: msee huwa wasee, chali huwa machali, karao huwa makarao. Hakuna mtoto wa Jericho asemaye “wachali”. Neno geni lisilo na kiambishi awali hupewa ma-, na hiyo ndiyo kanuni iliyoleta madaktari, makarani na maprofesa katika Kiswahili Sanifu. Kanuni hiyo imewahi hata kutumika kinyumenyume: madigadi ya gari, yaliyotokana na neno moja la Kiingereza, yalidhaniwa kuwa wingi, na umoja wake ukawa digadi. Anayekubali digadi hana hoja ya kusema kwamba makarao hayana sarufi.

Kasoro, ikiwa ipo, imo katika upatanisho. Mtoto wa Eastlands huwa na y- katika umoja na z- katika wingi kwa karibu kila kitu kisicho na uhai: kitabu yangu, vitabu zangu. Lakini hilo nalo halikuzuka hewani. Kiswahili Sanifu chenyewe husema rafiki yangu na rafiki zangu, ndugu yetu na ndugu zetu. Kijana amekipanua kipimo kilichokuwamo tayari, hakubuni kipya.

Jambo la namna hii si la Nairobi pekee. Waafrika wa Mashariki waliokwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Urafiki, kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960, walianza kwa mwaka wa matayarisho wa kujifunza Kirusi. Lugha hiyo ina jinsi tatu za nomino. Katika umoja, kivumishi hufuata jinsi: novyi stol (meza mpya), novaya kniga (kitabu kipya), novoye okno (dirisha jipya). Katika wingi, nomino huendelea kutofautiana, stoly, knigi, okna, na hapo ndipo anayeanza hutaabika. Lakini kivumishi huwa kimoja tu, novye. Upatanisho wa jinsi umetoweka katika wingi. Hakuna msomi aliyethubutu kusema kwamba Kirusi kwa hiyo hakina sarufi.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Novye ni umbo sanifu linalofundishwa shuleni. “Vitabu zangu” silo, na mwanafunzi anayetaka kuandika Kiswahili Sanifu lazima ajifunze “vitabu vyangu”. Linalopingwa hapa ni utambuzi wa ugonjwa, wala si haja ya tiba.

Hapo mazoezi ya shule yanastahili kuhakikiwa. Ngeli katika shule za Kenya hutajwa kwa upatanisho: A-WA, KI-VI, LI-YA, I-ZI. Katika A-WA hukaa pamoja mtu na watu, kiongozi na viongozi, daktari na madaktari. Jina la ngeli, basi, halimwambii mwanafunzi umbo la wingi, humwambia upatanisho. Hata hivyo, zoezi la “andika kwa wingi” husahihishwa kama kwamba mambo hayo mawili ni moja. Aliyeandika “viatu zangu” na aliyeandika “makiatu yangu” hupata sufuri ile ile, ingawa wa kwanza anajua nusu ya jibu na wa pili hajui umbo la nomino yenyewe.

Mwalimu wa Eastlands angefanya vyema kuanza na lile ambalo mtoto analo. Amwonyeshe kwamba vi- ya viatu ambayo hutamka kila siku bila kukosea ndiyo inayorudi katika vyangu, vile na vizuri. Mtoto aliyeelezwa hivyo hujifunza kanuni moja zaidi. Mtoto aliyeambiwa kwamba lugha ya nyumbani kwao haina kanuni yoyote hana pa kuanzia.