Mazingaombwe na Jazanda: Hila za Picha katika Filamu ya Pumzi

Mhakiki wa Kiswahili amezoea kuisaka jazanda katika shairi na riwaya. Akifikia filamu, hasa bunilizi ya kisayansi, huliacha swali hilo na kuuliza jingine: picha hizi zimetengenezwaje, nazo zinafanana na za Wamarekani? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo la pili, ijapokuwa ni halali, halitoshi kuihukumu Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu, filamu fupi ya takriban dakika 20.

Nililisikia swali lenyewe Frere Town, nilipoitazama filamu hiyo pamoja na vijana waliokulia katika vibanda vya video vya Kisauni. Mti ulipoanza kukua mwishoni, mmoja alisema, "Huo wa kompyuta, Mwalimu." Alisema kweli. Lakini hadhira ya ngano nayo inajua kwamba sungura hasemi, na bado huitikia "Pakawa!" Hila ya picha haikuwahi kuhitaji mtazamaji mjinga: Georges Méliès, aliyempeleka mwanadamu mwezini kwa filamu mwaka 1902, alikuwa mfanya mazingaombwe wa jukwaani, na watu walilipa wakijua hivyo.

Pumzi ilipigwa Afrika Kusini. Kahiu alizichunguza filamu za miaka ya 1950, zilizotegemea mandhari ya kuchorwa na picha zinazoangazwa nyuma ya mwigizaji. Nasaba hiyo inaonekana. Ndani ya mji wa Maitu, uliojengwa baada ya vita vya maji, vioo vya kompyuta na kuta za chuma vinatuarifu tu kwamba huu ni wakati ujao. Ni mapambo, na tumekwisha kuyaona kwingine. Hali ni tofauti Asha anapotoroka na mche wake. Jangwani anaumwagilia maji yake ya mwisho, anaukamulia jasho, kisha anaulalia kuutia kivuli. Mti unakua pale alipolala. Hapa kompyuta inatenda kazi ya sitiari: mwili unakuwa mti bila neno "kama" kupita kati yao. Hata asingepata fundi hodari, picha hiyo ingesimama, kwa kuwa kila tone la maji lililopimwa tangu mwanzo limeiandaa.

Kinyume chake ni Who Killed Captain Alex? (2010) ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala. Helikopta zake za kompyuta hazimdanganyi yeyote, wala hazikusudii. Sauti ya VJ Emmie inazitania na kuzibeba. Vijana wangu, wafuasi wa DJ Afro, wanaielewa sanaa hiyo vyema: msimulizi ni fanani, na picha dhaifu humpa nafasi. Pumzi haina msimulizi wa namna hiyo. Kimya chake kiliwachosha, nami siwalaumu kabisa.

Kwani Maitu, jina la Kikikuyu lenye maana ya mama, ni mji ambao wakazi wake hawafungui vinywa. Mashine ndiyo inayowasemea, na inasema Kiingereza. Yawezekana kunyang'anywa sauti ni sehemu ya dhuluma inayosawiriwa. Hata hivyo Asha anatoka mjini, anaiacha mashine nyuma, na bado hatamki neno. Kiswahili kimeachiwa anwani peke yake.