Metali Isiyo na Maneno: Fani Ipo, Maudhui Yako Wapi?

Tumezoea kusema kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Sawa. Lakini mpe mhakiki wimbo wowote, utamwona anakimbilia maneno: dhamira hizi hapa, ujumbe ule pale, na muziki unatajwa kwa sentensi moja mwishoni, basi. Wapenzi wa roki ya indi, ule muziki uliokulia kwenye kampuni ndogo za kurekodi za Marekani na Uingereza, ndio hodari wa mchezo huu, nami ni mmoja wao. Pavement walipotoa *Slanted and Enchanted* mwaka 1992, nusu ya raha ilikuwa kufumbua mafumbo ya Stephen Malkmus.

Ndiyo maana *Australasia* ya Pelican (2003) inamshtua msikilizaji wa aina yangu. Hawa ni wanamuziki wanne wa Chicago: magitaa mawili, besi na ngoma, mwimbaji hakuna. Kipande cha kwanza, “Nightendday”, kinapita dakika 11. Utauliza, dakika zote hizo bila neno, mtu anasikiliza nini hasa? Anasikiliza uzito na muda. Magitaa yanakwaruza kwa sauti nzito ya chini, fungu moja la noti linarudiwa mpaka sikio linalizoea. Halafu gitaa la pili linaweka noti mbili tatu juu yake, na lile fungu la zamani linaingiwa na huzuni ambayo haikuwamo. Lenyewe halijabadilika, aliyebadilika ni jirani yake. Kibwagizo cha shairi hufanya kazi hiyo hiyo: maneno ni yale yale, ila ubeti uliotangulia umeyapa maana nyingine. Sasa, hiyo tutaiita fani au maudhui?

Tusidanganyane lakini. Si kila kisicho na maneno kina fikra nzito, na ngoma za Pelican mara nyingine zinalegalega pale zinapotakiwa kukaza.

Karma to Burn, wa West Virginia, walikwenda mbali zaidi. Kampuni yao ilitaka mwimbaji, akawekwa katika albamu ya kwanza ya 1997. Katika ile ya 1999 hayupo, na vipande vimepewa namba tu. Hata jina la wimbo, kile kidirisha cha kuchungulia maudhui, limeondolewa. Mpenzi wa taarabu hatashangaa sana, maana bashraf nayo hupigwa kwa ala tupu na hakuna anayelalamika eti haina ujumbe. Ila bashraf hukaribisha nyimbo. Hapa mwimbaji haji ng'o.

Mtihani wenyewe uko katika albamu ya Pelican ya 2009, *What We All Come to Need*. Kipande cha mwisho, “Final Breath”, kina sauti ya Allen Epley, mwimbaji wa Shiner, yaani mtu wa upande wetu kabisa. Hatimaye Pelican wana maneno! Na anaimba vizuri, sina ugomvi naye. Lakini anapofungua kinywa tu, sikio linamfuata yeye, na magitaa yaliyokuwa yakisema tangu mwanzo yanageuka wasindikizaji. Nimejaribu kuusikiliza wimbo huo bila kumfuata. Sijaweza.