Ufundishaji kwa Njia ya Tatizo na Somo la Ushairi

Njia ya kuwakabidhi wanafunzi tatizo kabla ya mhadhara ilianza katika mafunzo ya udaktari, Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1969. Huko tatizo ni mgonjwa. Je, katika fasihi ni nini?

Wako wadhanio kuwa swali lolote la mtihani ni tatizo. Dhana hii yapotosha. Swali ambalo jibu lake limo katika daftari la mhadhiri hufunza kukariri tu. Tatizo la kweli ni kama hili: kwa sheria za utunzi alizozitoa Amri Abedi mwaka 1954, tungo za diwani ya Kezilahabi, Kichomi (1974), zisizo na vina wala mizani, si mashairi. Basi ama sheria hazitoshi, ama tungo zimepewa jina lisilo lao. Ili kuamua, mwanafunzi hana budi azisome sheria zenyewe, azipime kwa nyimbo za kazi na za ngoma pia, kisha autetee uamuzi wake mbele ya wenzake.

Hata hivyo, njia hii yaweza kumpa mhadhiri mvivu kisingizio cha kunyamaza. Tena, darasa la wanafunzi 200 lenye nakala 3 za kitabu halijadili, hubahatisha. Mageuzi hayo, basi, hayana budi kuanzia maktabani.